Kutambua kiwanda cha vyombo vya kioo vya zamani vya Ubelgiji: tuamini lebo, sahihi au mtindo?

KabatiLaVioo

Wadau, naomba msaada wa kutambua vyombo vinne vilivyouzwa pamoja kwa maelezo mamoja tu: "Val Saint Lambert, Ubelgiji, miaka ya 1930", yaani kiwanda maarufu cha kristali. Havifanani hata kidogo, ndiyo maana sina hakika kama vimetoka kiwanda kimoja.

A. Chombo cha maua, kimo sm 24, kristali nzito ya tabaka mbili. Nje ni buluu iliyokolea, ndani hakina rangi, na michongo imekata buluu mpaka kioo cha ndani kikaonekana. Kitako kimesuguliwa laini na kina nyota iliyochongwa. Hakina sahihi. Ubavuni kuna kipande cha lebo ya mviringo ya rangi ya dhahabu iliyochanika. Kinachosomeka ni "DKRISTAL" na "24%".

B. Chombo cha maua kizito cha kalibu, sm 19, rangi ya kaharabu. Kina maua yaliyoinuka yenye umbo la kijiometri. Mabonde yamefifishwa, sehemu zilizoinuka zinang'aa. Karibu na kitako kuna herufi zilizoinuka: MADE IN BELGIUM. Jina hakuna.

C. Bilauri sita nyembamba, mdomo una ukingo mnene wa mviringo, chini kuna namba peke yake.

D. Chombo cha maua kilichopambwa kwa asidi: majani ya rangi ya waridi juu ya uso uliofifia. Chini ya kitako kumekwaruzwa kwa mkono "Val St Lambert".

Nianzie wapi? Na ile sahihi ya D inatosha kuwa ushahidi?

---

FundiLenzi

Mkuu, anza na kioo chenyewe, halafu lebo. Sahihi iache mwisho, hasa ile iliyokwaruzwa kwa mkono. Watu wengi hufuata mpangilio kinyume na huu: wakishaona jina, macho yao huacha kuangalia.

Jambo la kwanza ni kujua kama ni kristali ya risasi (kioo kilichotiwa oksidi ya risasi) au kioo cha kawaida cha soda na chokaa, kwa sababu jibu hilo peke yake linaweza kufuta nusu ya majina yanayotajwa. Kupiga kwa ukucha na kusikiliza mlio hakutoshi. Bilauri nyembamba ya kioo cha kawaida inaweza kulia vizuri, na chombo kinene cha kristali kikatoa mlio mfupi. Pima densiti, yaani gramu kwa kila sentimita ya ujazo. Unahitaji mzani wa jikoni wa gramu, ndoo ya maji na uzi.

Pima chombo kikiwa kikavu, andika uzito. Weka ndoo yenye maji juu ya mzani, rudisha mzani kwenye sifuri. Ning'iniza chombo kwa uzi kizame chote bila kugusa kitako wala ukuta wa ndoo, na ukigeuze taratibu ndani ya maji mpaka hewa yote itoke. Gramu zinazoonekana sasa kwenye mzani ni sawa na ujazo wa kioo kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito wa kwanza kwa hizo gramu. Chombo cha gramu 1,450 kinachoonyesha 480 kina densiti ya 3.02.

Kioo cha soda na chokaa huangukia karibu na 2.5. Kristali yenye risasi ya asilimia 24 huanza 2.90, na ile ya asilimia 30 huanza 3.00. Kati ya 2.5 na 2.9 kuna eneo la mchanganyiko ambalo Wabelgiji na Wafaransa huliita demi-cristal, na viwanda kadhaa vya Ubelgiji vilitumia mchanganyiko huo kwa vyombo vya kalibu.

Makosa yanayotokea: povu la hewa lililonasa kwenye michongo hushusha densiti. Chombo kikigusa ndoo, sehemu ya uzito wake huingia kwenye mzani na hesabu yote huharibika. Na chombo kidogo hupimwa vibaya kwa sababu gramu 1 ya kosa kwenye ujazo wa 60 ni kubwa mno, hivyo hizo bilauri sita zizamishe na uzipime kwa pamoja. Usizamishe chombo chenye lebo ya karatasi, dhahabu ya kupakwa, enameli inayobanduka, ufa au sehemu iliyogundishwa. Maji yawe na joto sawa na la chumba. Kristali nene huweza kupasuka ikitoka kwenye baridi ikaingizwa kwenye maji ya moto.

Sasa sahihi ya D. Chukua lenzi inayokuza mara 10, elekeza mwanga kutoka pembeni ili ulale juu ya kitako. Chombo cha miaka 90 kina mikwaruzo midogo ya kuwekwa na kuondolewa mezani, iliyojikusanya kwenye ukingo unaogusa meza na inayoelekea pande zote. Angalia pale mistari ya herufi inapokutana na mikwaruzo hiyo. Mikwaruzo ikipita juu ya herufi, sahihi ni ya zamani kuliko matumizi. Herufi zikikata mikwaruzo, sahihi iliongezwa baadaye. Tazama pia ndani ya mstari: mkwaruzo mpya wa ncha ya almasi una kingo zilizomeguka na unga mweupe, na ule wa zamani umejaa uchafu na kingo zake zimelainika. Mikwaruzo iliyotengenezwa kwa msasa ili kuzeesha kitako hujulikana kwa sababu yote huelekea upande mmoja na huenda hata sehemu ya ndani ya kitako isiyogusa meza.

Val Saint Lambert ndilo jina linaloghushiwa zaidi katika kioo cha Ubelgiji, na sababu yake ni ya wazi. Kiwanda kilianzishwa mwaka 1826 huko Seraing karibu na Liège, ndani ya majengo ya abasia ya zamani, na mwanzoni mwa karne ya 20 kilikuwa na wafanyakazi wapatao 5,000. Bidhaa zake nyingi zilisafirishwa nje ya nchi, na vyombo vingi vya mezani vilitoka bila sahihi yoyote, vikiwa na lebo tu ambayo ilioshwa ikapotea. Kwa hiyo vipo vyombo halisi vingi visivyo na jina, na vipo vyombo vya watu wengine vilivyopachikwa jina. Kwenye vyombo halisi utakuta "Val St Lambert" kwa mwandiko wa kuchongwa, au muhuri wa asidi, au herufi VSL. Kwenye kazi za asidi za mwanzoni mwa karne ya 20 jina huweza kuwa ndani ya pambo lenyewe, limechimbwa kwa asidi ileile. Jina lililochimbwa pamoja na pambo haliwezi kuongezwa baadaye bila kuacha alama, kwa hiyo lina uzito kuliko mkwaruzo wa kitakoni.

---

MsomaLebo

Nakubaliana na FundiLenzi kuhusu sahihi. Ila lebo ya A ina habari nyingi kuliko unavyodhani, na inaondoa "miaka ya 1930" kabisa.

Mwaka 1969 Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo kuhusu majina ya kristali. Kristali ya asilimia 30 na ya asilimia 24 ziliruhusiwa kubeba lebo ya mviringo ya rangi ya dhahabu. Daraja linalofuata, lenye asilimia 10 ya oksidi kama za zinki, bariamu, risasi au potasi, lilipewa lebo ya mraba ya rangi ya fedha, na daraja la mwisho pembetatu ya rangi ya fedha. Maneno pia yalipangwa kwa kila lugha: Kifaransa ni "cristal au plomb 24%", Kijerumani "Bleikristall 24%", Kiholanzi "loodkristal 24%". Hiyo "DKRISTAL" yako ni mkia wa "loodkristal". Ukiona umbo, rangi na asilimia vyote vimekutana hivyo, chombo kiliuzwa baada ya agizo hilo, yaani kuanzia miaka ya 1970 kwenda mbele. Asilimia iliyoandikwa ni kiwango cha chini, kwa hiyo densiti inaweza kuwa juu ya 2.90.

Angalizo: lebo hiyo inataja daraja la kioo, haitaji kiwanda. Kiholanzi kinazungumzwa Flandria (kaskazini mwa Ubelgiji) na Uholanzi, na kiwanda cha Ujerumani au Bohemia (Chekia ya leo) kilichouza huko kingeweza kuandika hivyohivyo. Kwa ushahidi ulionao, A ni kristali ya risasi iliyouzwa kwenye soko la Kiholanzi baada ya 1969. "Ya Ubelgiji" bado ni dhana.

Vitu vingine vya kusoma kwenye lebo za Ubelgiji:

Lugha ya jina la nchi. "Belgique" ni Kifaransa, "België" ni Kiholanzi, "Belgium" au "Made in Belgium" ni ya soko la nje. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa zinazoingia ziwe na jina la nchi kwa Kiingereza, kwa hiyo "Belgium" bila "Made in" inaweza kuwa ya zamani sana, lakini isiwe kipimo pekee, maana viwanda viliendelea kutumia namna zote mbili.

Miji yenye majina mawili. Liège ni Luik, Mons ni Bergen, Namur ni Namen, Soignies ni Zinnik, Antwerpen ni Anvers. Wapo waliotafuta kiwanda cha "Bergen" huko Norwei wakati kilikuwa Mons.

Aina ya kampuni. SA kwa Kifaransa na NV kwa Kiholanzi ni kampuni ileile ya hisa, na ni ya zamani mno kuweza kukupa tarehe. SPRL, kampuni binafsi yenye dhima yenye kikomo, ilikuja na sheria ya mwaka 1935, kwa hiyo lebo yenye SPRL haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.

Anwani. Namba ya posta ya tarakimu nne mbele ya jina la mji ilianza Ubelgiji mwaka 1969. Msimbo wa mistari unaoanza na namba kati ya 540 na 549 umesajiliwa Ubelgiji au Luxemburg, na misimbo hiyo ilianza Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1970. Umesajiliwa na muuzaji, kumbuka, si lazima na mtengenezaji.

Karatasi. Mulika lebo kwa tochi ya urujuanimno ya nanomita 365. Karatasi ikiwaka buluu-nyeupe kali ina kemikali za kung'arisha zilizoenea kwenye karatasi baada ya takriban 1950. Ikibaki hafifu au ya manjano, inaweza kuwa ya zamani, au ni karatasi ya baadaye isiyotiwa kemikali hizo. Kwa hiyo kipimo hiki kinafaa kukataa umri, hakifai kuuthibitisha. Epuka tochi za bei nafuu za nanomita 395: mwanga wake wa zambarau unafunika kila kitu.

Na usiibandue lebo hata ikining'inia. Piga picha kwanza, kwa mwanga wa pembeni, ili hata herufi zilizofutika zionekane kwa mbonyeo wake.

---

BilauriMoja

C ni rahisi. Ukingo mnene wa mviringo kwenye bilauri nyembamba iliyotengenezwa kwa mashine unaelekeza Soignies, mkoa wa Hainaut. Mwaka 1928 ilianzishwa pale Compagnie Internationale de la Gobeleterie Inébréchable, yaani kampuni ya bilauri zisizomeguka mdomo, na jina lake la biashara likawa Durobor. Mdomo wa bilauri huyeyushwa upya ukajikusanya kuwa ukingo mnene, na huo ndio unaoizuia isimeguke. Namba ya chini ni ya kalibu, usiisome kama mwaka. Tafuta jina "Durobor" kwa kuinamisha bilauri, mara nyingi limebonyea hafifu. Lisipokuwepo, andika "aina ya Durobor", maana mdomo wa namna hiyo ulitengenezwa na viwanda vya nchi nyingine pia. Val Saint Lambert si jina la kutajwa hapa.

---

ZainaKalibu

Niongeze kuhusu B, kwa sababu kioo cha kalibu cha Ubelgiji cha miaka ya 1930 ndicho kinachochanganywa kupita vyote.

Majina mawili ya kufikiria kwanza ni Luxval na Scailmont. Luxval ni mfululizo wa vioo vya kalibu wa Val Saint Lambert wa miaka ya 1930, na wabunifu wake wakuu ni Charles Graffart na René Delvenne. Ni vizito, vina mapambo ya kijiometri au ya wanyama na mimea iliyorahisishwa. Scailmont ni kiwanda cha Manage, Hainaut. Kilitoa vyombo vinene vya kalibu vilivyofifishwa kwa asidi, na majina ya wabunifu Henri Heemskerk na Charles Catteau huonekana yameinuka kwenye kioo chenyewe. Catteau anajulikana zaidi kwa ufinyanzi wa Boch Frères Keramis huko La Louvière, ambako ni jirani kabisa na Manage, kwa hiyo ukifahamu maua na wanyama wake wa kwenye vigae na vyungu utaitambua mistari hiyohiyo kwenye kioo.

Jinsi ya kusoma kipande cha kalibu:

Mshono. Fuata mstari wa kalibu kutoka kitako kwenda juu na uhesabu mishono. Pitisha kidole ndani. Uso wa ndani ukiwa laini kabisa huku nje kuna maua yaliyoinuka, kioo kilishindiliwa kwa nguzo ya mashine. Ndani kukiwa na mabonde yanayofuata maua ya nje, kilipulizwa ndani ya kalibu. Andika ni ipi, kwa sababu umbo lilelile lililotengenezwa kwa njia nyingine mara nyingi ni nakala.

Mdomo. Kwenye kazi nzuri mdomo ulisuguliwa bapa na kung'arishwa baada ya kukatwa. Utaona ukingo wa ndani na wa nje una kona kidogo. Mdomo wa mviringo ulioyeyuka kwa moto ni kazi ya haraka zaidi.

Ufifishaji. Asidi hufifisha kwa usawa na huingia hata kwenye pembe nyembamba za pambo. Mchanga uliopulizwa hukwaruza zaidi sehemu zilizo wazi na kuacha pembe zikiwa na mng'ao. Ukikuta kipande cha "miaka ya 1930" ambacho ufifishaji wake una chembe chembe za kuonekana kwa lenzi na umevuka mpaka wa sehemu zilizoinuka, jihadhari. Huenda kilifanyiwa kazi upya ili kuficha mikwaruzo.

Herufi. MADE IN BELGIUM iliyoinuka imetoka kwenye kalibu, kwa hiyo haikuongezwa baadaye. Lakini kuna kitu wengi hawakiangalii: nafasi tupu iliyo mkabala nayo. Mulika kwa pembeni upande wa pili wa kitako. Jina la mbunifu mara nyingi lipo pale, limefifishwa na asidi au kioo hakikuingia vizuri kwenye herufi kwa sababu kalibu ilikuwa baridi. Paka vumbi la chaki, futa juu juu kwa kidole, chaki itabaki kuzunguka herufi na kuzionyesha. Chaki huoshwa kwa maji. Usitumie penseli kwenye uso uliofifishwa, haitoki.

Vinavyofanana navyo kutoka nje: Sabino, Etling, Verlys na Hunebelle wa Ufaransa, na vioo vya kalibu vya Inwald wa Chekoslovakia. Wengi wao waliweka majina yao. Kwa B, hiyo MADE IN BELGIUM imeshakuondolea majirani hao, kazi iliyobaki ni kulinganisha pambo lenyewe.

---

KabatiLaVioo

Asanteni sana. Nimepima kama mlivyoelekeza. A sikuizamisha kwa sababu ya lebo.

B: gramu 1,215, ujazo 488. Inatoka 2.49. Ndani ni laini, mishono mitatu, mdomo umesuguliwa bapa.
C: bilauri sita pamoja gramu 1,008, ujazo 404, yaani 2.50. Kwenye mbili jina Durobor linasomeka ukiinamisha.
D: gramu 842, ujazo 337, yaani 2.50. Kwa lenzi, mkia wa herufi "V" na "L" zote mbili unakata mikwaruzo ya kitako, na ndani ya mistari kuna unga mweupe.

Kwenye B, chaki haikutoa jina lolote upande wa pili. Na kuna aliyeniambia D ni "kioo cha Boom". Hiyo ni nini?

---

FundiLenzi

D sasa ina hoja mbili dhidi ya jina lililoandikwa. Sahihi imewekwa baada ya chombo kutumika, hilo limeisha. Densiti ya 2.50 peke yake haimkatai Val, kwa kuwa si kila kilichotoka Seraing kilikuwa kristali, ila ikiungana na sahihi ya kubandika, hakuna kinachobaki cha kukiunganisha na kiwanda hicho. Futa jina kwenye maelezo yako. Usijaribu kulisugua kwenye kioo chenyewe: ushahidi wa kughushi ni bora ubaki.

Kuhusu Boom: ni mji ulio kando ya mto Rupel, kusini mwa Antwerpen. Kati ya vita viwili vya dunia vilitengenezwa huko vyombo vya maua vilivyochimbwa kwa asidi, vyenye mapambo ya kijiometri na maua yaliyorahisishwa. Tatizo ni kwamba wauzaji wamelifanya jina hilo kuwa kapu la kila kioo cha asidi kisicho na sahihi kilichopatikana Flandria. Kabla ya kulikubali, tazama kina cha asidi. Kwa D, pima kama rangi ya waridi ni tabaka la kioo au ni rangi iliyopakwa. Tazama ukingo wa jani kwa lenzi kutoka pembeni: tabaka la kioo lina unene na ukingo wake una ngazi, na rangi hiyo inaendelea ndani ya ukingo. Rangi ya kupakwa haina unene, na mahali palipokwaruzika kioo kisicho na rangi huonekana mara moja.

Kama ni tabaka halisi, pitisha ukucha kutoka uso uliofifia kuelekea jani. Ngazi kubwa inayoshika ukucha ni asidi ya mizamo kadhaa, kazi ya gharama. Ngazi isiyohisika ni mzamo mmoja wa haraka. Akina Muller, ndugu mafundi wa kioo waliofanya kazi na Val Saint Lambert karibu na mwaka 1906 walitumia njia yao ya fluogravure, ambapo enameli na asidi ya hidrofloriki hufanya kazi pamoja, na matokeo yake ni rangi zinazoingiliana ndani ya jani moja. Waridi moja tupu juu ya uso mweupe si kazi hiyo.

---

MsomaLebo

Kuhusu A, kabla hujakata tamaa. Kristali ya tabaka mbili iliyochongwa ilikuwa kazi kubwa ya Val Saint Lambert kwa miongo mingi, kwa hiyo wazo la muuzaji halikutoka hewani, ila Bohemia, na viwanda vya Ufaransa vya Baccarat na Saint-Louis, nao walifanya hivyo. Kuhusu Baccarat, kufanana na Val ni kwa kizazi. François Kemlin na Auguste Lelièvre walioanzisha Val walitoka kiwanda cha Vonêche, na mmiliki wa Vonêche, Aimé-Gabriel d'Artigues, ndiye aliyenunua Baccarat mwaka 1816 baada ya mipaka kubadilika na soko lake la Ufaransa kufungwa kwa ushuru. Ndiyo maana kwa vyombo vya nusu ya kwanza ya karne ya 19 mtindo peke yake hautenganishi viwanda hivyo viwili.

Kwa chako cha baada ya 1969 kuna njia bora: mchongo. Angalia pale michongo miwili inapokutana. Jicho la mchongaji wa mkono hukosea kidogo, makutano moja moja yamepitiliza kwa sehemu ya milimita. Mchongo wa mashine hurudia kosa lilelile kila mzunguko. Kisha angalia ndani ya mfereji: ung'arishaji wa asidi huacha uso unaong'aa kama maji na kona zilizolainika, ule wa gurudumu huacha kona kali na mistari myembamba sambamba. Ukipata michongo ya mashine na ung'arishaji wa asidi, uwezekano mkubwa ni bidhaa ya biashara ya jumla.

---

ZainaKalibu

B: kushindiliwa, mishono mitatu, mdomo bapa, 2.49. Hayo yote yanakubaliana na kioo cha kalibu cha Hainaut bila kutaja nani. Usiandike Luxval kwa sababu ya mtindo tu. Andika "Ubelgiji, miaka ya 1930, inahusishwa na Scailmont" pale tu utakapopata pambo hilohilo kwenye kipande chenye jina, na vipimo vikubaliane ndani ya milimita 2 au 3. Nakala iliyotengenezwa kwa kuchukua kalibu kutoka chombo halisi huwa ndogo kidogo, kwa sababu nyenzo husinyaa, na kona za pambo huwa butu.

Kwa kulinganisha, makusanyo ya umma ya kuanzia ni Grand Curtius huko Liège na Musée du Verre ya Charleroi, iliyopo Bois du Cazier, Marcinelle. Ukiwaandikia, tuma picha tano: chombo kizima mbele ya karatasi ya kijivu, mdomo kutoka juu, kitako kizima, herufi kwa mwanga wa pembeni, na sehemu ya mshono. Kila picha iwe na rula. Taja kimo, kipenyo cha mdomo na cha kitako kwa milimita, uzito na densiti. Usiwatajie jina unalolifikiria.